Kulia mbele ya picha si ushamba, wa kuulizwa ni aliyeshika simu

Klipu yenyewe haifiki hata nusu dakika. Jamaa mmoja, shati jeupe, suruali ya kitambaa, kasimama mbele ya picha ukutani kwenye ukumbi mmoja wa sanaa pande za Masaki, Dar. Mikono kaikunja kifuani. Mwanzoni unaweza kudhani anasoma kitu. Halafu mabega yanaanza kutikisika. Anajifuta uso kwa mkono wa shati, anajifuta tena, anageuka, anakuta simu inamtazama. Klipu inaishia hapo.

Mdada aliyeipandisha ni maarufu, wafuasi anao wa kutosha, majina yaishie hapo. Jamaa ni mtu wake. Juu ya klipu aliandika maneno matano: "Nimemleta mshamba wangu kwenye sanaa", na vikatuni vya kucheka hadi machozi. Kufika jioni klipu ilishatoka Instagram ikaingia TikTok, ikahamia kwenye magrupu ya WhatsApp, na mtu akaiwekea wimbo wa majonzi kwa nyuma ili kicheko kinoge.

Komenti zilikuwa zilezile za Bongo. "Kaona bei huyo." "Mwanaume mzima?" "Kiki hizi mbona zimezidi." "Watu wa mkoani bwana, kiyoyozi tu machozi." Na kulikuwa na moja iliyovaa suti: "Mtu hajasoma sanaa, analilia nini asichokielewa?"

Hiyo ya mwisho ndiyo iliyopendwa kuliko zote. Na ndiyo yenye kosa kubwa kuliko zote.

ALIYELIA NI NANI

Siku ya pili jamaa mwenyewe aliandika chini ya klipu ileile. Aya moja ndefu, haina nukta, haina koma, inaonekana kabisa aliandika kwa pumzi moja na hakurudia kusoma. Wengi waliipita. Walioisoma walinyamaza.

Kwao ni Mkwajuni, mkoani Songwe. Kwa asiyepajua, Mkwajuni ndiyo makao makuu ya wilaya ya Songwe, kwenye barabara ya kutoka Mbalizi, upande ule wa dhahabu. Kule watu wanalima, wanafuga, na wengi wanaishi kwa duara na karasha: anayechimba, anayebeba mawe, anayesaga, anayeuza chai kwa wanaosaga. Ukumbi wa kuingia kutazama picha za kuchora, mtoto wa kule hajakua nao. Picha anazozijua ni za ukutani. Kichwa chenye panki kwenye kinyozi. Ng'ombe kwenye bucha. Kuku mzima kwenye sahani pale kwa mama ntilie. Na dukani, kwa herufi nyekundu: leo hakuna kukopa, njoo kesho.

Baba yake ndiye aliyekuwa anachora hizo.

Alikuwa na makopo ya rangi ya mafuta, chupa ya tina, na brashi tatu. Moja aliipunguza kwa wembe zikabaki nywele chache za kuchorea macho. Malipo yalikuwa Sh10,000, siku nyingine sahani ya wali, siku nyingine kunyolewa bure yeye na mwanawe mpaka deni liishe. Na alikuwa na kaugonjwa kake. Kila kichwa alichochora, sikio moja lilikuwa namba 6, na la pili ni 6 iliyogeuzwa. Vijana wa stendi walimtania kwa hayo masikio miaka nenda rudi. Hakubadilisha.

Halafu yakaja mabango ya kuchapa kwa mashine kutoka Mbeya mjini. Picha inang'aa, mchezaji wa Ulaya kanyolewa safi, bango liko tayari siku hiyohiyo. Kinyozi wa kwanza akabadilisha, wa pili akafuata, bucha nayo ikafuata. Ndani ya muda mfupi mzee hakuwa na ukuta wa kuchora. Akafunga makopo yake, akashuka duarani kama wanaume wengine.

Kifusi kilimkuta msimu wa mvua.

Jamaa alikuwa kidato cha pili. Msibani baba yake mdogo alimshika bega akamwambia maneno ambayo kila kijana wa kiume Tanzania ameshawahi kuyasikia: jikaze, mwanaume halii, wewe ndio baba sasa. Akajikaza. Hakulia kaburini, hakulia arobaini, hakulia alipoacha shule. Akaenda Tunduma kubeba mizigo mpakani, baadaye akapanda basi kuja Dar, zaidi ya kilomita 800, akapata kazi, akapata na huyo mdada. Miaka 11 ikapita hajalia.

Mpaka Jumamosi ile pale Masaki.

KILE ALICHOKIONA

Picha yenyewe, kwa maelezo yake na kwa kile kidogo kinachoonekana kwenye klipu, ni ya mtindo wa Tingatinga. Ni soko. Watu wengi, kila mtu na lake: anayeuza nyanya, anayekimbiza mbuzi, mama na mtoto mgongoni, daladala limejaa hadi mlangoni. Rangi zinawaka. Kwenye kona ya chini kushoto kuna kibanda kidogo cha kinyozi, na kwenye ukuta wa kibanda pamechorwa kichwa cha mtu aliyenyoa panki.

Masikio ya kile kichwa ni namba 6.

Aliyechora picha hiyo hajawahi kumwona mzee wa Mkwajuni. Pengine naye kila akichora sikio mkono wake unakwenda hivyohivyo, basi. Lakini jamaa alisogea, na alipokaribia akaona kitu kingine: chini ya bluu ya anga kuna tone lililoteremka likakauka kabla halijafika mwisho. Mtu aliyekulia kwenye nyumba yenye makopo ya rangi ya mafuta analijua tone hilo. Ukizidisha tina, rangi inakimbia. Baba yake alikuwa anaifukuza kwa kidole gumba.

Kando ya picha palikuwa na karatasi ndogo. Sh800,000.

Hapo ndipo mabega yalipoanza.

Kwa hiyo yule wa "kaona bei huyo" hakukosea moja kwa moja. Aliona bei kweli. Ila hakulia kwa sababu ni kubwa. Aliandika kwamba maisha yake yote alijua baba yake ni mtu aliyeshindwa. Mtu wa kazi ndogondogo, aliyekufa akitafuta hela aliyoikosa juu ya ardhi. Mkwajuni msanii ni anayeimba. Mzee aliitwa fundi vibao, na siku ambazo watu wana haraka aliitwa "wewe wa rangi". Sasa mwanawe amesimama kwenye chumba chenye kiyoyozi, watu wanaongea kwa sauti ya chini kama kanisani, na ukutani kuna rangi ileile, sikio lilelile, tone lilelile, na hapa panaitwa sanaa.

Miaka 11 ilishuka yote kwa mkupuo.

Sasa turudi kwenye swali la yule mwenye komenti ya suti... au tuseme swali lirudi kwake mwenyewe. Hapo asichokielewa jamaa ni nini hasa? Kati ya wote waliokuwa ukumbini siku hiyo, inawezekana kabisa yeye ndiye aliyeielewa picha ile kuliko mtu mwingine yeyote.

TINGATINGA MWENYEWE ALISOMEA WAPI?

Hili linafaa kusemwa taratibu, maana watu wanalitaja jina la Tingatinga kila siku bila kujua kuwa lilikuwa jina la mtu.

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 upande wa Tunduru, kusini. Hakusoma chuo cha sanaa. Aliwahi kufanya vibarua kwenye mashamba ya mkonge kule Tanga, akaja Dar, akafanya kazi za nyumbani kwa watu. Alianza kuchora mwishoni mwa miaka ya 1960, wakati tayari ni mtu mzima. Na alichorea nini? Hadibodi, ule ubao mwembamba wa kuwekea dari, na rangi ya mafuta, ile inayopakwa kwenye baiskeli. Alitumia alichokipata dukani kwa bei ya mtu wa kipato chake. Picha zikawa zinauzwa Oysterbay, pale Morogoro Stores, wageni wakazichangamkia, ndugu na jamaa zake wakaja kujifunza kwake.

Alikufa mwaka 1972, akapigwa risasi na polisi waliomdhania mtu mwingine. Muda wake wa kuchora ulikuwa mfupi kuliko muda ambao baadhi ya wachekaji wametumia kumaliza chuo. Wanafunzi wake wakaendelea, mwaka 1990 ukaundwa ushirika wa wachoraji wa Tingatinga, na leo mtindo huo unajulikana dunia nzima.

Kwa hiyo mtindo wa uchoraji uliobeba jina la Tanzania nje ulianzishwa na mtu ambaye, kwa vipimo vya komenti zile, "hajasoma sanaa". Kopo lake la rangi na kopo la mzee wa Mkwajuni yangeweza kutoka rafu moja. Tofauti yao ni barabara tu. Mmoja alichora karibu na duka ambalo wageni wenye hela walikuwa wanapita. Mwingine alichora mahali ambapo anayepita ana jembe begani au kiroba cha mawe kichwani, na hela ya picha hana.

Na si Tingatinga peke yake. Sam Ntiro, mtoto wa Machame, Kilimanjaro, huyu yeye alisoma, Makerere na baadaye London. Lakini alichora nini? Alichora kwao. Migomba, watu wakifanya kazi, wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku. Hiyo ya pombe ya ndizi ilinunuliwa mwaka 1960 na jumba la sanaa ya kisasa la New York, lile linalofahamika kwa kifupi kama MoMA. Mambo ya kijijini kabisa, pombe na mtungi, yakaenda kukaa Marekani kwenye nyumba ya heshima. Ushamba wa aina hiyo unahitajika zaidi.

KWANI NANI ALISEMA LAZIMA UELEWE?

Watu haohao wanaosema "analilia nini" wanalia kwenye tamthilia ya Kituruki iliyotafsiriwa, kipindi cha 80 na kitu. Wanalia Simba au Yanga ikitolewa kwa penalti. Wanalia kwenye daladala na spika masikioni kwa wimbo wa mapenzi wa dakika tatu, na hakuna konda aliyewahi kuwauliza kama wanajua kusoma noti za muziki. Wimbo ukikugusa umekugusa. Lakini ikiwa ni picha ukutani, ghafla unadaiwa cheti.

Hiyo hofu ya cheti ndiyo inayowafanya vijana wengi wasiingie kabisa kwenye kumbi za picha, hata zile za bure. Wanapita nje wanaona mlango wa kioo wanadhani ndani kuna mtihani. Makumbusho ya Taifa pale Mtaa wa Shaaban Robert, watu wamezaliwa Ilala wamezeekea Ilala hawajaingia tangu ile safari ya shule. Nafasi Art Space iko Mikocheni tangu 2008, wapo wanaopita jirani kila siku kwenda kazini na wanadhani ni karakana. Ukiwauliza wanakwambia, "Mimi mambo ya sanaa siyajui." Kana kwamba kuna anayezaliwa anayajua.

Kuna profesa mmoja wa historia ya sanaa, Mmarekani, James Elkins, mwaka 2001 alitoa kitabu kizima kuhusu watu waliolia mbele ya picha. Alikusanya barua za watu wakimsimulia. Na alichokigundua kinachekesha: wasomi wenzake, wale wenye vyeti vyenyewe, wengi walimwambia hawajawahi kulia mbele ya picha hata siku moja. Wanaolia ni watu wa kawaida tu. Kule Houston, Marekani, kuna jengo limefunguliwa mwaka 1971 lina picha 14 za mchoraji Mark Rothko, kubwa, nyeusi na za zambarau ya giza, hazina mtu wala nyumba wala mti. Watu wanaingia, wanakaa kwenye benchi, wanalia, wanatoka. Hakuna mlinzi anayewauliza wamesoma wapi.

Picha haifanyi kazi kama mtihani wa kidato cha nne. Inakaa pale. Wewe unakuja na yako. Aliyekuja na msiba wa miaka 11 ataondoka na kitu tofauti na aliyekuja kupoza mwili kwa kiyoyozi, na wote wawili wameitazama picha moja. Ukisimama mbele ya picha ya mama anayetwanga ukamkumbuka bibi yako, umeshaielewa. Ukisimama usisikie chochote, napo sawa, hamia inayofuata. Na ikikuchukiza, jiulize kwa nini imekuchukiza, maana hapo nako kuna habari.

TURUDI KWA ALIYESHIKA SIMU

Mdada huyu apewe haki yake. Yeye ndiye aliyempeleka pale. Bila yeye jamaa asingeiona ile picha mpaka leo, angekuwa bado amejikaza. Hilo ni kubwa na halifai kufutwa. Na baada ya ile aya ndefu, aliitoa klipu kwenye ukurasa wake, akaandika kwamba aliirekodi kwa mapenzi, alidhani ni kitu kizuri.

Inawezekana. Lakini kitu kizuri hakiandikiwi "mshamba wangu".

Na hapa ndipo tatizo lilipo, na si lake peke yake. Siku hiyohiyo, kwenye ukurasa wake, kulikuwa na picha nyingi za ukumbi ule. Yeye na picha ya tembo, yeye na picha ya tausi, yeye kakaa, yeye kasimama. Kwenye zote mgongo wake ndio unaotazama picha. Watu wawili waliingia mlango mmoja. Mmoja alitazama ukuta, mwingine alitazama simu, na mtandao mzima ukaamua kwamba mshamba ni yule aliyetazama ukuta.

Kurekodi chakula sawa. Kurekodi gauni sawa. Lakini mtu akilia, hasa mtu wako, kuna sekunde moja ya kuamua: mkono uende begani kwake au uende kwenye kitufe chekundu. Sekunde hiyo inasema kila kitu. Mtu anayelia hajavaa chochote. Ukimpandisha mtandaoni umemtoa nje hivyohivyo, na ukiifuta kesho yake haisaidii, wenye magrupu wameshaihifadhi.

Fikiria hasara yake. Mwanaume aliyefundishwa akiwa na miaka 14 kwamba kulia ni aibu, amekaa na fundisho hilo miaka 11, siku anaachia kidogo tu anakuta simu. Anakuta dunia nzima inarudia yale maneno ya baba mdogo, tena kwa kicheko. Huyo kijana atalia tena lini? Na vijana wangapi wengine waliiona klipu ile wakiwa wamelala kwenye geto lao, wakajiambia kimyakimya, aah, kumbe bora kujikaza? Halafu watu wanashangaa vijana wa kiume wanamalizia machungu kwenye chupa na kwenye kupiga wake zao.

Wapo wanaosema, sawa, lakini naye kama alimpenda hivyo baba yake mbona hakutunza hata kibao kimoja? Swali ni kali ila ni la haki. Jibu liko kwenye aya yake: hakujua kama ni kitu cha kutunzwa. Hakuna aliyemwambia. Kuta zilipakwa chokaa, vibao vikawa milango ya mabanda ya kuku, makopo yakapandwa maua. Mji mzima ulifuta kazi ya mtu bila hata mmoja kuwa na nia mbaya.

Karibu mzima.

Siku nne baada ya klipu, chini kabisa ya komenti, ambako watu walishachoka kushuka, alitokea kijana mmoja wa Mkwajuni. Hakuandika mengi. "Kaka shikamoo. Hii si kazi ya mzee wako? Ipo kwa kinyozi wa baba." Na picha ya simu, imetetema kidogo. Kibao cha hadibodi, kimepauka, pembe moja imeliwa na mchwa. Vichwa vitatu vya wanaume. Denge, panki, na kipara. Masikio sita, namba sita zote, tatu zinaangalia huku na tatu zinaangalia kule.

Kijana akaongeza kwamba baba yake ameshaagiza bango jipya la kuchapa, linakuja wiki ijayo, kibao kitatupwa.

Jamaa alijibu ndani ya dakika moja. Safari hii aliweka mpaka nukta. "Mdogo wangu marahaba. Mwambie baba asikitupe. Nakuja."

Mtu wa Mkwajuni anayepita pale anasema bango jipya lilishafika, ni zuri, linang'aa. Kibao cha zamani kimeshushwa, kimeegeshwa ndani, nyuma ya kiti cha kunyolea, kimefunikwa kanga. Mzee wa kinyozi, ambaye alikuwa anakiona kila siku bila kukiona, sasa anawafunulia wateja na kuwahadithia kilivyochorwa na deni lilivyolipwa kwa kunyoa. Bei bado hajataja. Anamngoja mwenyewe.

Kama jamaa na mdada bado wako pamoja au hawako pamoja, hiyo ni stori ya watu wawili na waachiwe. Kinachobaki kwa wengine ni kidogo sana na hakigharimu. Wikiendi hii pita ukumbi wowote wa picha, simu ikae mfukoni dakika tano tu, chagua picha moja, isimamie. Kama uko mbali na kumbi, toka nje ya geto uangalie kibao cha kinyozi wako, cha bucha, cha mgahawa. Kuna mtu alipanda stuli akakichora kwa mkono. Muulize mwenye duka alikuwa nani na yuko wapi sasa.

Na kama picha yoyote imewahi kukukamata koo, iwe ya ukumbini au ya ukutani mtaani kwenu, shuka hapo chini uiseme ilikuwa ya nini na ilikukumbusha nani. Wa kucheka watacheka. Wa Mkwajuni watasoma mpaka chini.